Je, wajua kwa nini malipo ya kadi ya debiti yanaweza kurudi hata pesa zikishatoka?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kulipa kwa kadi ya debiti ni sawa na kutoa noti mfukoni: ukishampa mtu, basi. Kisha nikalipia kozi ya mtandaoni ya wiki sita. Siku ya kuanza nilikaa mbele ya kompyuta, daftari na kalamu mezani, na kiungo cha darasa hakikufunguka. Hakikufunguka kesho yake wala wiki iliyofuata. Nilipoandika kuuliza, nilijibiwa mara moja tu: “Tutawajulisha tarehe mpya.” Nikakaa kimya karibu miezi mitatu, nikijiambia kwamba mwenye pa kulalamikia ni aliyelipa kwa kadi ya mkopo, maana pale pesa ni za benki. Zangu zilikuwa zangu, na zilishakwenda.

Nilikosea, na kosa hili limeenea kwa sababu lina nusu ya ukweli ndani yake. Nchini Uingereza, Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974 kinamfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji. Kadi ya debiti haimo. Marekani nayo ina sheria ya mwaka 1974 kwa kadi za mkopo, na nyingine ya mwaka 1978 kwa malipo ya kielektroniki ambayo hushughulika na wizi na makosa ya kibenki, si huduma uliyoilipia kwa hiari yako kisha isije. Anayesoma hayo hufika haraka kwenye hitimisho kwamba debiti haina kinga. Lakini sheria za nchi si kanuni pekee zinazoibana benki. Benki inayotoa kadi yenye nembo ya Visa au Mastercard imekubali kanuni za mtandao huo wa kadi, na humo imo sababu ya kupinga malipo inayohusu bidhaa au huduma ambayo haikufika. Sababu hiyo inatumika kwa debiti na kwa mkopo vilevile.

Na lile la kwamba pesa zimeshakwenda? Ujumbe wa benki unapoingia na salio kupungua, mara nyingi hakuna kilichohama bado. Benki yako imezuia kiasi hicho tu na kumwambia muuzaji kwamba kipo. Kuhesabiana hufanyika baadaye, pengine siku moja au zaidi.

Hapo kwenye kuhesabiana ndipo penye siri. Chukua wafanyabiashara wawili wanaochukuliana mali kutwa nzima. Hawapelekeani pesa kila mara mtu anapobeba gunia; kila mmoja anaandika kwenye daftari, na jioni wanalipana tofauti. Ikigundulika kwamba gunia moja halikuwa na kitu, hakuna anayekimbilia nyumba ya mwenzake kupekua kabati. Mstari mmoja unaongezwa upande wa pili wa daftari, na tofauti ya jioni inabadilika. Benki yako na benki ya muuzaji huhesabiana hivyohivyo kupitia mtandao wa kadi. Malipo yakipingwa, benki yako haimtafuti muuzaji. Inaandika mstari wa kurudisha dhidi ya benki yake.

Benki ya muuzaji inakubali kwa sababu ndiyo iliyomdhamini. Ilipompa uwezo wa kupokea kadi ilikuwa kama mtu anayesaini karatasi ya mkopo wa jirani: jirani akishindwa, mlango unaobishwa ni wa mdhamini. Muuzaji akifilisika, benki yake ndiyo inayobaki na mzigo. Ndiyo maana benki hizo huyaangalia kwa jicho kali mashirika ya ndege na kampuni za safari, ambazo hupokea pesa leo kwa huduma ya miezi ijayo, na wakati mwingine hushikilia sehemu ya mapato yao. Kampuni ya safari ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, kupinga malipo ya kadi ilikuwa mojawapo ya njia ambazo wateja walielekezwa.

Kosa la pili nusura nilifanye mwenyewe: kusema kwamba sikufanya muamala. Usiseme hivyo. Kama uliandika msimbo uliotumwa kwenye simu yako, benki itauonyesha na madai yatakufa hapo. Madai ya huduma kutofika hayaguswi na msimbo, kwa kuwa hukani kwamba ulilipa. Unasema: nililipa, nilikubali, na nilichokilipia hakikuja.

Kuhusu muda, kanuni za mitandao hiyo miwili kwa kawaida hutoa siku 120, na kwa huduma ya baadaye hazihesabiwi kuanzia siku ya kulipa bali siku ambayo huduma ilipaswa kufika, bila kuvuka siku 540 tangu muamala. Benki yako inahitaji muda wa kushughulikia ndani ya siku hizo, kwa hiyo usingoje ya mwisho.

Njia hii ina mipaka. Baadhi ya mitandao ya kadi ya ndani ya nchi ina kanuni zake. Pesa ulizohamisha moja kwa moja kutoka akaunti hadi akaunti hazipiti humu. Ukitumia kadi kujaza pochi ya simu kisha ukamlipa mtu kutoka kwenye pochi, huduma uliyoinunua kwa kadi ni kujazwa pochi, na hiyo uliipata. Ukikubali tarehe mpya kwa maandishi, umejifunga nayo. Huduma iliyofika nusu, au iliyofika mbovu, ni mabishano ya aina nyingine na ushahidi wake ni mgumu zaidi.

Mimi nilifungua madai siku ya 86. Niliambatisha ukurasa wa tangazo wenye tarehe ya kuanza, barua pepe zangu mbili na lile jibu moja. Benki ikaniwekea pesa, na pembeni ikaandika “marejesho ya muda”, maana muuzaji alikuwa bado na haki ya kujibu na pesa zingeweza kuchukuliwa tena. Hakujibu. Wiki kadhaa baadaye nilifungua taarifa ya akaunti, na neno “muda” halikuwapo tena.