Je, wajua kwa nini strati baa hailainishi safari?

Fungua boneti za magari yaliyoegeshwa stendi ya Mtwara na huenda ukaliona moja lenye chuma kilichokatiza juu ya injini, kutoka kichwa cha shokapu ya kulia hadi cha kushoto. Hiyo ndiyo strati baa. Mara nyingi haikuja na gari. Mwenye gari kainunua na mara nyingi kaifunga mwenyewe nyumbani.

Kwa miaka mingi niliamini kazi yake ni kupunguza mtikiso. Niliona imekaa juu ya shokapu, na shokapu ndiyo inayopokea mashimo, basi nikajua inaisaidia shokapu. Niliwahi hata kumshauri jirani aliyekuwa akibeba magunia ya korosho kwenye Carina afunge baa hiyo kabla ya msimu, ili shokapu zake zisife mapema. Ushauri ule ulikuwa na makosa, na kwa kuwa bado nausikia kwenye gereji, nataka kuufuta vizuri.

Shokapu hufanya kazi kwa kupanda na kushuka. Tairi likiingia shimoni na kutoka, springi hujibana na kuachia, na fimbo ya shokapu huingia na kutoka kwenye mafuta yake. Yote hayo yanatokea chini ya pale baa inapofungwa. Baa haigusi springi wala mafuta. Haiinui gari. Haiongezi nafasi ya shokapu kushuka. Gari likigonga "ko-ko-ko" kwenye rafu, tafuta bushi, boli jointi au maunti iliyochoka, kwa sababu baa mpya itakaa juu ya ugonjwa uleule. Na yale magunia ya jirani yangu yalikuwa nyuma, yakizilemea springi za nyuma, ilhali baa niliyomshauri hufungwa mbele. Hilo peke yake lilitosha kunishtua.

Kazi yake halisi ni kuvizuia vichwa viwili vya shokapu visisogeleane wala kuachana.

Magari mengi madogo tunayoendesha, kama Carina, Corolla, IST na Raum, yana shokapu za mbele za mtindo unaobeba jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani. Ford Consul ya mwaka 1950 ni kati ya magari ya mwanzo yaliyoutumia. Katika mtindo huu shokapu ni nguzo pia. Tairi limeshikwa chini na mkono wa chuma, na juu halina mkono mwingine; kinacholishika ni kichwa cha shokapu, kilichofungwa kwenye bati la bodi kwa nati, mara nyingi tatu. Kwa hiyo gari likikata kona, sehemu ya nguvu inayolisukuma tairi pembeni hupanda na kulisukuma bati hilo. Bati hujipinda. Ni kidogo sana, lakini hujipinda.

Fikiria nyumba ya miti na udongo. Paa huzisukuma kuta zifunguke nje, na mtambaapanya uliokatiza juu huzishika zisiachane. Strati baa ni mtambaapanya wa injini. Sasa fikiria watu wawili wamesimama bega kwa bega, mikono imeshikana na kunyooka. Msukume mmoja, na mwenzake atabeba sehemu ya msukumo huo. Wasukume wote wawili kwa nguvu sawa kuelekea upande mmoja, na kushikana hakutawasaidia: watayumba pamoja. Kwenye kona vichwa vyote viwili husukumwa upande mmoja, ila tairi la nje limelemewa zaidi, kwa hiyo msukumo wake ni mkubwa. Baa hufanya kazi kwenye tofauti hiyo. Inakiita kichwa chenye nafuu kije kusaidia kilicholemewa. Ndiyo maana baa nyingine huwa na mguu wa tatu unaokwenda kushika ukuta wa bati ulio kati ya injini na dereva: huyo ni mtu wa tatu anayewazuia wale wawili wasiyumbe pamoja. Mimi naliona jambo hili ni zuri mno kwa kipande cha bomba chenye nati sita.

Umbo nalo lina neno. Chukua chelewa iliyonyooka, ibane ncha mbili kati ya viganja: inakataa. Chukua iliyokwisha kupinda: inajikunja papo hapo. Baa iliyonyooka hushinda ile iliyopindishwa sana ili kuikwepa injini, hata kama hiyo ya pili imepakwa rangi ya kupendeza.

Na si kila gari litanufaika. Mark II GX100 na Altezza zina mikono miwili mbele, wa juu na wa chini, hivyo nguvu ya kona haiegemei kichwa cha shokapu kwa kiasi kile. Hata penye mtindo wa MacPherson, bodi nyingi zimekazwa kiasi kwamba tofauti ni ndogo. Anayepanda mlima wa Newala kwa kasi anaweza kusema usukani umekuwa mwepesi wa kuitika, nami simpingi, lakini hisia ya mtu aliyetoka kununua kitu si kipimo. Kwa mwendo wa kawaida kuzunguka ghuba ya Mikindani, sitarajii mtu aitambue.

Ukitaka kuifunga, fanya gari likiwa limesimama kwa matairi yake kwenye sakafu iliyolala sawa, injini imepoa. Usipige jeki: uzito wa gari ndio unaoibana shokapu mahali pake nati za juu zinapotoka. Legeza nati za pembeni pekee. Kwenye Toyota nyingi ni spana ya 14. Ile nati kubwa ya katikati usiiguse kamwe. Imeshika springi iliyobanwa, na ikiachia ghafla inaweza kuua mtu.

Huku kwetu chumvi ya bahari hula bolti, kwa hiyo zisugue kwanza kwa brashi ya waya. Kalisha vikalio vya baa juu ya bolti hizo, rudisha nati kwa vidole, na uhakikishe zimeshika meno ya kutosha licha ya unene ulioongezeka. Kama baa ina sehemu ya kurefusha, irekebishe hadi bolti zake ziingie bila kulazimishwa. Ukiilazimisha, umeanza kuvivuta vichwa gari likiwa limesimama. Kisha kaza kwa kiwango cha kitabu cha gari lako. Bolti hizi si nene, na mtu mwenye bomba refu kwenye spana anaweza kuikata moja.

Kabla ya kufunga boneti, weka madonge ya ugali uliopoa juu ya baa, shusha boneti taratibu, kisha ifungue uyatazame. Donge lililobanwa likawa jembamba kama karatasi linaonyesha mahali boneti itakapoigonga baa gari likitikisika. Angalia pia baa isisugue mabomba ya breki wala waya. Baada ya siku chache za kuendesha, rudia kuzikagua nati, na uende kupima wili alaimenti, yaani mkao wa matairi, maana tundu za bolti huwa na nafasi kidogo na kichwa cha shokapu huweza kuwa kimehama ulipozilegeza.