Hitilafu katika skripti: maana yake na jinsi ya kuidaka

Mama mmoja mwenye depo ya unga katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, huandika mauzo ya siku kwenye simu: mteja, kilo, bei. Jioni faili hiyo hupita katika skripti, yaani programu fupi, niliyomwandikia kwa lugha ya programu iitwayo Python, nayo inatoa jumla. Siku moja ilisimama katikati, ikaandika:

ValueError: could not convert string to float: '2,5'

Alikuwa ameuza kilo mbili na nusu, akaiandika kwa koma kama sote tulivyofundishwa shuleni kwa Kifaransa. Python inataka nukta.

Hiyo ndiyo hitilafu: jambo linaloikatiza programu ikiwa tayari inatembea. Kosa la sarufi ni jambo jingine. Ukisahau kufunga mabano, Python haianzi kabisa. Hitilafu inakukuta njiani: faili haipo, unagawanya kwa sifuri, mtandao umekatika.

Ikizuka, Python huuacha mstari ule na kuuliza: kuna sehemu iliyojitolea kuishughulikia? Inaanza pale pale, kisha inarudi kwenye sehemu iliyoiita ile, mpaka juu kabisa. Isipopata, programu inakufa na kuandika njia yote iliyopita. Maandishi hayo marefu yanatisha wanaoanza. Yasome kutoka chini, maana mstari wa mwisho ndio unaotaja aina ya hitilafu na sababu yake.

Kujitolea huandikwa hivi:

try:
    kilo = float(neno)
except ValueError:
    mibovu.append((namba, neno))

Yaani jaribu kuligeuza neno kuwa namba (ndiyo kazi ya float), ukishindwa kwa sababu hii, weka kando neno lenyewe na namba ya mstari, kisha endelea. Koma ningeweza kuigeuza nukta mapema, na sasa nafanya hivyo, lakini kesho mama ataandika "mbili". Sasa jioni anapata jumla pamoja na mistari miwili mitatu ya kusahihisha, wakati bado anawakumbuka wateja. Ipo pia finally, inayotekelezwa iwe salama iwe balaa. Hapo ndipo pa kufungia faili.

Ninachokikataa kabisa ni except tupu, isiyotaja aina ya hitilafu, inayofuatwa na pass, yaani "usifanye lolote". Inameza kila kitu: jina ulilolikosea mwenyewe, hata Ctrl+C unapotaka kuisimamisha programu. Jumla inatoka safi, imepungua, na mwenye depo hajui kwamba mauzo matatu hayakuhesabiwa. Fedha hizo ni za ada ya watoto. Afadhali skripti ife kwa kelele.

Kuna baya zaidi, lile lisilozusha hitilafu yoyote. Wengi hapa huandika elfu ishirini na nane mia tano kama 28.500. Python inaisoma kuwa ishirini na nane na nusu, inajumlisha, inanyamaza. Hapo kelele lazima uizushe wewe:

if bei < 100:
    raise ValueError("bei ndogo mno: " + neno)

Hakuna mfuko wa unga wa faranga 28 na nusu Lubumbashi. Mama wa depo anajua hilo bila kufikiri. Skripti haikujua mpaka nilipoiandikia mistari hiyo miwili.