Ukipiga simu ya afya, foleni ya dharura inapungua?

*Nikipiga simu kwanza badala ya kukimbilia hospitali za hapa Mwanza, Bugando au Sekou Toure, si nitakuwa nimepunguza msongamano?*

Wewe binafsi, huenda. Kwa jumla, si lazima. Uingereza walianzisha NHS Direct mwaka 1998, simu iliyopokelewa na wauguzi, wakitarajia unafuu huo. Tathmini za mwanzo hazikuona wagonjwa wa dharura wakipungua. Baadaye ikaja namba 111, na tathmini ya maeneo yaliyoijaribu, iliyotoka 2013, ilikuta magari ya wagonjwa yakiitwa zaidi kuliko awali.

*Inakuwaje?*

Mpokea simu hamwoni mgonjwa. Chukulia mama wa Igoma anapiga saa nane usiku: "Mtoto anachemka." Ananyonya? Ndiyo, kidogo. Amepata degedege? Hapana. Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi? Hapo mama anasita. Umeme umekatika, anamulika kwa tochi ya simu ileile anayoongelea. Muuguzi mwenye busara atamwambia ampeleke mtoto hospitali, na angekosea kusema vingine. Mama huyo pengine angevumilia hadi asubuhi. Simu ndiyo imemtoa nyumbani. Usiku huohuo mwenye mafua kaambiwa anywe maji, alale. Mmoja kaenda, mmoja kabaki, foleni ni ileile. Lakini waliomo si walewale, na mimi naona hilo ndilo la maana.

*Kwetu tupige namba ipi?*

199 ni ya Wizara ya Afya, bure, kwa maswali na ushauri. 115 ni ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, nayo pia ni bure: mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, au kichanga. Hii haiishii kwenye ushauri, inatafuta usafiri. Gari la wagonjwa lisipopatikana, anaitwa dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa, na nauli analipwa na mpango, si na familia. Sengerema walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu, kabla ya kuzinduliwa kitaifa 2022. Kwa 115, wajawazito wa dharura wakiongezeka hospitalini, msishangae: wapo ambao zamani wangebaki kijijini wakivuja damu, wakisubiri kuche.

*Lini nisipoteze muda na 199?*

Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege au haamki. Mtu mzima anabanwa kifua, hapumui vizuri, au ghafla mdomo umepinda na mkono umelegea. Nenda. Mjamzito anayetoka damu, au anayeumwa kichwa sana huku macho yakiona ukungu, apigiwe 115 papo hapo.

*Nijiandae vipi kabla ya kupiga?*

Kaa karibu na mgonjwa, si chumba cha pili, maana utaulizwa vitu vya kutazama. Kadi ya kliniki iwe mkononi. Na ukiombwa mahali ulipo, usiseme "Buhongwa" ukanyamaza. Taja mtaa, mwenyekiti wake, na duka au msikiti ambao dereva atauona gizani.