Usalama wa abiria wa treni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, kauli moja haikosekani vijiweni: "Ile inakimbia mno, afadhali ya zamani." Ni kweli kilomita 160 kwa saa ni mwendo mkubwa. Lakini ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya reli Tanzania ilitokea kwenye reli ya zamani, na ilianza na treni iliyorudi nyuma mlimani.

Ilikuwa Igandu, mkoani Dodoma, Juni 24, 2002. Treni iliyobeba zaidi ya abiria elfu moja ilikuwa mlimani, breki hazikuishika, ikaanza kurudi kinyumenyume. Ikazidi kasi mteremkoni mpaka ikaivaa treni ya mizigo. Walikufa watu 281.

Hapo ndipo penye dhana inayonikera kuliko zote, kwamba breki zikigoma ni mapenzi ya Mungu tu. Breki za treni ni kazi ya watu. Bomba la hewa hupita chini ya treni nzima, kuanzia kwenye kichwa hadi behewa la mwisho. Hewa ikijaa bombani, breki zinaachia, ikipungua, zinashika. Ndiyo maana behewa likichomoka na bomba kukatika, breki hujifunga zenyewe. Kasoro iko hapa: treni ikisimama muda mrefu injini ikiwa imezimwa, hata hewa ya akiba, ile iliyo kwenye tangi la kila behewa na inayosukuma breki zishike, huvuja kidogo kidogo, na breki hulegea. Dawa yake ni breki za mkono, zinazofungwa behewa kwa behewa. Mwaka 2013 huko Lac-Mégantic, Kanada, treni ya mafuta iliachwa mlimani usiku breki za mkono zikiwa hazikufungwa za kutosha. Iliteremka yenyewe hadi katikati ya mji, ikalipuka na kuua watu 47.

Kwa hiyo fundi anapopita chini ya mabehewa kabla ya safari, akiangalia kama kila breki inashika na kuachia, mwacheni amalize. Kumpigia kelele kwamba anachelewesha watu ni kumsukuma aruke behewa moja au mawili.

"Dereva akiniona atasimama." Hatasimama, hata akitaka. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mkwaruzo kama wa tairi na lami, na treni yenye mwendo mkubwa huhitaji zaidi ya kilomita nzima kusimama. Dereva hana usukani wa kukukwepa. Ana honi na breki. Watu wengi hudhani anayekufa kwa ajali ya reli ni abiria. Ulaya, ambako hesabu hizi hukusanywa kila mwaka, wengi wanaokufa ni waliokuwa wakitembea au kukatiza relini, wakifuatiwa na waliogongwa kwenye makutano ya reli na barabara. Kwetu reli hupita katikati ya makazi, kama Kibera kule Nairobi au Buguruni na Vingunguti hapa Dar, na kwa wengi ndiyo njia ya kwenda sokoni na shuleni. Kuwakaripia hakutoshi. Wajengewe vivuko vya juu au vya chini, tena karibu na pale wanapopita tayari. Kivuko kilicho mbali hakitapata mtu.

Wapo pia wanaoamini waya wa treni hauui usipoushika. Una volti 25,000, na umeme huo unaweza kuruka hewani ukakupata kabla hujaugusa. Mtu asipande juu ya behewa, wala asinyooshe fimbo au bomba kuelekea juu.

Ukaguzi nao unasemwa vibaya. Pale stesheni ya Miritini, Mombasa, abiria hupanga mabegi chini kwa mstari, wanarudi nyuma, mbwa wa polisi anayanusa moja baada ya jingine. Wengine huona wanadhaniwa magaidi. Lakini bomu siyo hatari pekee. Februari 2002, karibu na Al Ayyat nchini Misri, moto uliwaka ndani ya treni ya usiku iliyojaa watu wanaokwenda nyumbani kwa sikukuu. Ilielezwa kwamba ulianzia kwenye jiko la gesi. Treni iliendelea kukimbia huku ikiungua, na zaidi ya watu 350 wakafa. Mtungi mdogo wa gesi au kidumu cha petroli ya bodaboda, mwenyewe anakiona mzigo wa kawaida kabisa.

Na treni inaposimamishwa Kilosa kwa sababu ya mvua, lawama huwa nyingi: "Maji kidogo tu wameogopa!" Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimeharibiwa na mafuriko mara nyingi. Maji yanaweza kula udongo chini ya mataruma, zile nguzo za kulala zinazobeba reli, reli ikabaki inaning'inia, na usiku dereva haoni. Januari 1993 kule Ngai Ndethya, Kenya, mafuriko yalibomoa daraja, treni ya abiria ikatumbukia mtoni, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Abiria ana haki ya kukasirika kwa jambo moja hapo: kuwekwa saa nyingi gizani bila kuelezwa. Vipaza sauti vimo ndani ya mabehewa mapya. Anayeongoza safari aseme treni imesimama kwa nini, njia inakaguliwa wapi, na taarifa nyingine itatoka saa ngapi.