Mkipanga kuhama wawili, anzeni na anayefuata

Vijana wengi wanaokuja ofisini kwangu hapa Ngamiani huwa wameshachagua nchi. Kanada, kwa sababu rafiki yuko huko. Uingereza, kwa sababu chuo kimejibu. Oman, kwa sababu nusu ya ukoo uko Muscat tangu enzi za babu, na Tanga hilo si jambo la ajabu. Mimi ni wakili, kazi yangu ni makaratasi, na swali langu la kwanza halihusu nchi. Nauliza: viza itakuwa ya nani, na mwenzake ataingia kama nani?

Kuna mwombaji mkuu, yaani mwenye masomo au kazi, na kuna mtegemezi, anayeingia kwa mgongo wa mwenzake. Wengi humhangaikia mkuu tu, wakidhani mtegemezi atajipa. Hajipi. Haki zake ndizo zinazoamua kama mtaishi kwa mishahara miwili au kwa mmoja, au kama mtaishi pamoja kabisa.

Uingereza, kwa mfano. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kawaida, kama yule wa shahada ya kwanza, haruhusiwi kwenda na mwenza. Waliobaki na ruhusa ni hasa wa shahada za utafiti, na wenye udhamini wa serikali kwa kozi inayozidi miezi sita. Kanada, tangu tarehe 21 Januari 2025, mwenza wa mwanafunzi hupata kibali cha kufanya kazi kokote iwapo mwanafunzi anasoma uzamili wa miezi 16 au zaidi, au uzamivu, au baadhi ya kozi za taaluma. Stashahada za mwaka mmoja ambazo mawakala wanazipigia debe hazimo. Marekani, mke au mume wa mwanafunzi mwenye viza ya F-1, ile ya kawaida ya masomo, haruhusiwi kufanya kazi. Ujerumani kwa kawaida humtaka mwenza anayefuata awe na cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, kwa hiyo masomo ya lugha yaanze mapema, na Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, iko Dar es Salaam. Ndiyo maana ushauri wa kaka aliyeondoka 2019 mimi huupokea kwa heshima, kisha nauweka pembeni.

Oman niiseme kwa ufupi: viza ya kazi humfunga mtu kwa mwajiri wake, na anayekwenda kwa kazi za ndani asitarajie kumvuta mwenzake. Ikiwa ndiyo njia yenu, jueni mnapanga kutengana, na mlipange hilo.

Sasa makaratasi, ambako ndiko safari nyingi hukwama.

Mtegemezi anasimama juu ya cheti cha ndoa. Si picha za harusi, si video ya mnuso. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa isiyosajiliwa haiwi batili kwa sababu hiyo tu, lakini afisa wa ubalozi hakai kuamua uhalali wa nikaha yenu; anataka cheti. Karatasi ya msikitini peke yake mara nyingi haimridhishi. Nendeni RITA, wakala wa serikali wa usajili, mkahakikishe ndoa imo kwenye daftari, na kama haimo, anzeni usajili wakati mashahidi bado wapo na wanakumbuka.

Halafu linakuja la wake wengi. Sheria hiyohiyo inaichukulia ndoa iliyofungwa Kiislamu kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitike vinginevyo. Bibi harusi akikuta maneno hayo kwenye cheti huja mbio: "Dada wakili, mume wangu ameniandikia nini hapa?" Hajaandika kitu, bwana wa watu. Ubalozi kwa kawaida unachotaka kujua ni kama ana mke mwingine sasa hivi, na mara nyingi kiapo chake hutosha. Anayetaka kwenda mbali zaidi, kifungu cha 11 kinawaruhusu wote wawili, kwa hiari na kama mke ni mmoja, kutamka mbele ya jaji au hakimu kwamba ndoa yao sasa ni ya mke mmoja. Nikifika hapo, waume wengine hunitazama kana kwamba nimewaomba figo. Siwalazimishi.

Kuna zito kuliko hilo, nalo husemwa mwisho, mtu akiwa ameshashika kitasa cha mlango: mmoja wao alishawahi kuoa au kuolewa. Ana talaka, ndiyo, karatasi iliyoandikwa na bwana ikashuhudiwa na shehe. Kidini ameshaachika, eda imekwisha, kaolewa tena kwa amani. Ubalozi unataka hati ya mahakama. Njia ipo: baraza la usuluhishi, kwa Waislamu ni la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, lithibitishe kwamba suluhu imeshindikana, kisha mahakama, hata ya Mwanzo, itoe hati ya talaka. Taabu ni tarehe. Hati ya mahakama ikitoka baada ya nikaha ya pili, anayesoma kutoka mbali ataona mwanamke mwenye waume wawili kwa wakati mmoja. Maelezo ya kiapo husaidia, lakini heri hati ya talaka itangulie nikaha. Wazazi wanaosimamia posa, nanyi mnasikia.

Majina. Baba ni Shabani kwenye cheti cha kuzaliwa, Shaaban kwenye cheti cha ndoa. Shule iliandika majina mawili, kitambulisho cha taifa cha NIDA matatu. Tofauti ya herufi huelezwa kwa kiapo. Jina lililobadilika kweli linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Fanyeni haya kabla ya pasipoti, maana pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na mtakaa nayo miaka 10. Na wake wa Kikristo wanaopanga kuchukua jina la mume: amueni sasa, si katikati ya maombi.

Kuhusu fedha nina neno moja. Viza ya mwanafunzi wa Uingereza hutaka salio likae siku 28 mfululizo. Fedha za mchezo, za kikoba na za mjomba zikitua zote wiki moja kabla, taarifa ya benki inasema yenyewe.

Kipimo cha kifua kikuu, ambacho Uingereza hukitaka kwa mkazi wa Tanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita, kiacheni karibu na mwisho. Cheti chake kinadumu miezi sita tu, nacho hutolewa kliniki ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, Dar. Nendeni wote wawili siku moja, nauli ya basi isiliwe mara mbili.