Ukikimbia ukahema, kosa si la mapafu

Wengi wanaoanza mazoezi huja kwetu na lalamiko moja: "Daktari, nadhani mapafu yangu ni madogo, nikikimbia kidogo tu nahema." Kwa mtu mwenye afya, mapafu mara nyingi hayana kosa. Yana akiba kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Ukiwa umekaa, unavuta kama lita 6 za hewa kwa dakika. Ukikimbia kwa nguvu, unaweza kupita lita 100. Si kwamba unahema kwa sababu oksijeni imeisha kwenye damu. Ubongo huharakisha pumzi tangu hatua za mwanzo, kisha hewa ya ukaa inayomiminika kutoka kwenye misuli huzidi kuichochea.

Kazi inayonistaajabisha hadi leo iko kwenye vifuko vya hewa. Mishipa inayovizunguka ni myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita moja moja. Ukiwa umetulia, chembe hukaa hapo takriban robo tatu ya sekunde, ilhali robo sekunde tu inatosha kujaa oksijeni. Muda uliobaki ndio akiba yenyewe. Sasa kimbia: moyo uliokuwa ukisukuma lita 5 kwa dakika unafika 20. Damu ingepita mbio mno, lakini mishipa ya sehemu ya juu ya mapafu, ambayo ukisimama tuli hupitisha damu kidogo, hufunguka, na mingine hutanuka. Njia zikiongezeka, presha ndani ya mapafu haipandi sana na chembe bado inawahi kujaa. Ndiyo maana, kwa aliye ukanda wa pwani, kipimo cha oksijeni ya damu kinachovaliwa kidoleni kwa kawaida hubaki juu ya asilimia 95 hata akiwa anatweta.

Kwenye misuli, joto na asidi hulegeza himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, iachie oksijeni zaidi.

Mazoezi hayakuzi mapafu ya mtu mzima. Yanaimarisha moyo, yanaongeza damu na mishipa midogo ya misuli. Hata kule Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya ulio takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi huufanya mwili uongeze chembe nyekundu. Baadhi ya wanariadha wa kiwango cha juu hufikia mahali moyo unayazidi mapafu, damu ikapita kabla haijajaa, lakini hao ni wachache.

Anayeanza apunguze mwendo hadi aweze kuongea sentensi nzima. Ila ukihema kwa ngazi ulizozizoea, au kifua kikibana, au pumzi ikitoa mluzi, njoo upimwe moyo, wingi wa damu na pumu.