Mwenzako Akifungua kwa Pau au Uru: Namna Tulivyourekebisha Mnada Wetu

Kwa muda mrefu mimi na mwenzangu tulikuwa tukipoteza alama mahali palepale katika briji, mchezo wa karata wa jozi mbili. Mmoja wetu akifungua mnada, yaani hatua ya kutangaza mizunguko tutakayokula, kwa shupaza au kopa, tulifika salama karibu kila mara, lakini akifungua kwa pau au uru, kila mmoja alishika njia yake, na mara nyingi tuligundua tulikokwenda baada ya karata ya kwanza kutolewa mezani. Tulikuwa tukicheza hapa Tabora, barazani kwangu. Yeye alipohamia Kigoma tuliendelea na mazoezi kwa ujumbe wa simu, na naamini umbali ndio uliotusaidia, kwa sababu ulitulazimisha kuandika kila dau, yaani kila tamko la mnada, pamoja na maana yake.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye hesabu ya briji. Ili jozi ipate gemu, yaani mkataba wenye zawadi kubwa, inahitaji alama 100 za mkataba, yaani za mizunguko iliyoahidi katika dau la mwisho. Kila mzunguko unaoula, yaani unaoushinda, juu ya sita ya mwanzo una alama 30 kwa kopa na shupaza, lakini alama 20 tu kwa pau na uru. Asiyetaja turufu hupata 40 kwa mzunguko wa kwanza na 30 kwa kila unaofuata. Maana yake ni kwamba gemu ya rangi kubwa (kopa na shupaza) inadai mizunguko 10, ya rangi ndogo (pau na uru) inadai 11, na ile isiyo na turufu inadai 9 peke yake. Ndiyo maana mchezaji mwenye pau nyingi na nzuri bado hutazama kwanza kama tisa bila turufu zinapatikana, na kwenye kutazama huko ndiko tulikokuwa tukiharibu.

Jambo la pili ni kwamba dau la pau moja (ahadi ya mizunguko 7, yaani sita na mmoja juu yake) halielezi mengi. Sisi hatufungui kopa wala shupaza bila kuwa na karata 5 za rangi hiyo, kwa hiyo mkono wenye pointi za kufungua (ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1) lakini usio na rangi kubwa ndefu huingia kwenye pau au uru, hata ukiwa na pau 3 tu. Uru ni afadhali: kwa mpango wetu, mkono pekee unaofungua uru ukiwa na uru 3 ni ule wenye shupaza 4, kopa 4 na pau 2. Hivyo naweza kuinua uru za mwenzangu nikiwa na nne, ilhali pau napendelea niwe nazo tano.

Niupige mfano mkono mmoja ambao bado naukumbuka. Mimi nilishika shupaza ree-6-4, kopa 8-3, uru ree-7-5, pau mfalme-bibi-10-7-5. Mwenzangu alishika shupaza mfalme-5, kopa 9-4-2, uru mfalme-bibi-6, pau ree-9-8-6-3. Nilifungua pau moja. Yeye, akiwa na pointi 12 na mkono uliotulia, alisema mbili bila turufu, nami nikamalizia tatu. Wapinzani walitoa kopa, wakala mitano mfululizo. Sisi tulikuwa na mizunguko 10 ya uhakika, mitano ya pau, mitatu ya uru na miwili ya shupaza, lakini ilikuwa imechelewa, na mkataba ukaanguka kwa mmoja. Kwa pau tano tungepoteza kopa mbili tu, kwa kuwa kopa ya tatu ningeikata kwa turufu.

Wengi wangesema hiyo ni bahati mbaya. Mimi siamini hivyo, kwa sababu hakuna dau hata moja kati ya yale tuliyotoa lililouliza habari za kopa. Tulihesabu pointi, tukaridhika.

Dawa tuliyoichagua ni kugeuza maana ya kuinua rangi ndogo, mtindo uliojulikana kupitia mfumo wa Wamarekani Edgar Kaplan na Alfred Sheinwold. Katika mtindo wa zamani, kuinua pau moja hadi mbili ni unyonge, na kuruka hadi tatu ni nguvu. Sisi tulipindua: pau mbili ni pointi 10 au zaidi, bila kopa wala shupaza nne, na aliyefungua haruhusiwi kupita; pau tatu ni mkono mdogo wenye pau nyingi, unaowaziba wapinzani wasipate nafasi ya kukutana kwenye rangi zao kubwa. Faida yake ni kwamba mkono wenye nguvu, ambao ndio una mengi ya kusema, unapata nafasi ya kuyasema mnada ukiwa bado chini.

Baada ya pau mbili tunatajiana vizuizi kuanzia rangi ya chini kwenda juu. Kizuizi ni ree, au mfalme aliye na karata ya kumlinda, au bibi mwenye mbili za kumlinda. Ukiruka rangi, umesema huna kizuizi hapo. Mkono ule ule sasa unakwenda hivi: mimi pau moja, yeye pau mbili, mimi uru mbili, yeye shupaza mbili. Ameziruka kopa, nami sina kopa, basi nasema pau tatu, naye anajua kwamba mlango wa kopa uko wazi pande zote mbili. Anasema pau nne, yaani ananiuliza kama kopa zangu ni chache. Ninazo mbili, naongeza ya tano.

Hapa kuna hesabu inayonifurahisha sana. Karata za juu zina jumla ya pointi 40. Sisi tuna 25, wapinzani 15, na kama ree, mfalme na bibi wa kopa wako kwao wote, 9 kati ya hizo 15 zimekaa kwenye rangi moja ambayo itakula miwili tu. Karata zetu kubwa zote ziko mahali zinapofanya kazi. Kukosa kizuizi, ambako kwenye mkataba usio na turufu ni msiba, kwenye pau tano kumegeuka kuwa habari njema.

Mazoezi yenyewe tunayafanya hivi. Nachagua karata 13 zinazofaa kufungua pau au uru, zilizobaki 39 nazichanganya, na mpwa wangu anahesabu 13 na kuziandika bila mimi kuziona, kisha anazituma Kigoma. Tunatumiana dau moja moja. Mnada ukiisha, kila mmoja anafungua daftari lake lenye safu tatu: dau, nilichokusudia, nilichosikia. Hapo ndipo makosa yanapojianika. Wiki chache zilizopita nilisema uru mbili nikikusudia kizuizi tu, naye aliandika kwamba nina uru nne.

“Mwalimu,” akaniandikia, “kama ni kizuizi, basi kisiwe na ahadi ya urefu hata kidogo, maana mimi nilishaanza kuzihesabu uru zako.”

Alikuwa na haki, na tumeandika hivyo.

Wapinzani wakiingilia kati, tunaachana na mpango huu. Wakisema shupaza moja juu ya pau yetu, pau mbili hurudi kuwa mkono wa kawaida wa pointi 6 hadi 9, na mwenye nguvu hutaja rangi ya wapinzani wenyewe, yaani shupaza mbili. Wakisema dabo, yaani tamko la kupinga dau letu, mbili bila turufu ndizo zinazobeba mkono ule wa pointi 10.

Lililobaki bila kuafikiwa ni mkono wenye uru tano na shupaza nne baada ya pau moja. Mimi nataka shupaza kwanza kama pointi ni chache, ili rangi kubwa isipotee, na uru kwanza pale tu mkono unapotosha gemu. Yeye anataka uru siku zote. Tumepanga mikono 20 ya namna hiyo, na wiki hii tumefika wa saba.